Mlaze Twiga Ubavu

Kuna twiga mrefu amesimamishwa katika ukumbi wa hoteli moja ya pwani, na kila apitaye humsifu kwa kung'aa. Kung'aa! Hiyo ni kazi ya msasa na nta. Twiga yule aliharibika siku gogo lake lilipokatwa, na aliyemchonga alijua.

Kinyago hupimwa miguuni. Mnunuzi hutazama uso na madoa. Fundi humlaza mnyama ubavu, akafuata nyuzi za mti kutoka tumboni hadi kwato. Zikishuka na mguu, huyo mnyama alionekana ndani ya gogo kabla tezo haijagusa ganda. Zikiukata mguu mshazari, mguu utavunjika, kama si melini basi mezani kwako. Na twiga ni mwepesi kuchonga, kwani shingo na miguu vyote vyaelekea juu. Mtihani ni swala mwenye pembe ndefu zilizolala nyuma: miguu yataka nyuzi zisimame, pembe zataka zilale, na gogo ni hilo hilo moja. Fundi wa kweli huenda kutafuta panda, pale tawi lilipochipuka shinani na nyuzi zikajipinda zenyewe, kama waunda majahazi watafutavyo mti uliopinda wa mataruma. Mzee mmoja wa Changamwe, Mombasa, alikuwa akiligeuzageuza gogo la muhugu asubuhi nzima bila kulitia tezo. Vijana walimcheka. Sijapata kuona pembe aliyoichonga iliyovunjika.

Walaghai huunga mguu kwa gundi na vumbi la mbao, wakafunika kwa rangi. Pitisha ukucha, utakwama kwenye kiungo. Wengine husugua mti mweupe kwa rangi nyeusi ya viatu, wakauita mpingo. Mpingo huzama majini, na ni mzito mkononi hata ukiwa mdogo. Muhugu unuse.

Jicho huchongwa, halichorwi. Simba asicheke. Pundamilia wa kupakwa mistari si kinyago.

Mwarobaini na mwembe siwalaumu wanaoichonga. Muhugu na mpingo tumeimaliza kwa mikono yetu wenyewe. Ninachokililia ni mkono mmoja. Ufundi huu mchongaji Mutisya Munge alirudi nao Wamunyu, Ukambani, kutoka Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na Wakamba waliomfuata wakauteremsha hadi Mombasa. Ushirika wao wa Changamwe ulipoanza mwaka 1963, fundi alimfahamu mnyama wake toka gogo mpaka nta. Leo huyu anachonga, yule anapiga msasa, mwingine anapaka, na hakuna anayeulizwa nyuzi zilielekea wapi.

Muuzaji akikukataza kumlaza mnyama, mrudishie. Akikubali, anza na mguu wa nyuma.