Uhakiki wa Sitiari ya Mafiga Matatu katika Kampeni za Chama Cha Mapinduzi za Mwaka 2010

Uhakiki huu unachunguza sitiari ya mafiga matatu, ambayo Chama Cha Mapinduzi kiliitumia kuomba ridhaa ya kuendelea kuongoza katika Uchaguzi Mkuu wa 2010 nchini Tanzania. Kwa kuongozwa na Nadharia ya Sitiari Dhana ya Lakoff na Johnson (1980), imebainika kuwa rais, mbunge na diwani wa chama kimoja wanafananishwa na mawe yanayobeba chungu: likikosekana moja, chakula cha wote humwagika. Sitiari hii inapata nguvu kutokana na jiko linalofahamika kwa wapigakura wengi na methali isemayo jifya moja haliinjiki chungu. Hata hivyo, mafiga hayasimamiani; kazi ya kila moja ni kubeba. Ilhali Ibara ya 63(2) ya Katiba ya 1977 inalipa Bunge madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali. Hivyo, taswira inayohimiza umoja inafunika kazi ileile ambayo mbunge huchaguliwa kuifanya. Uhakiki unahitimisha kuwa sitiari hiyo imefaulu kisanaa, lakini haimwoneshi mpigakura ni nani atakayeonja kilichomo chunguni kabla hakijapakuliwa.