Msomaji Asiyeuliza

Chukua sentensi hii: "Hutoa taarifa za maji." Imeandikwa kueleza zana moja ya programu. Ukiisoma ukiwa Mji Mkongwe utadhani ni habari za bomba, leo yatatoka au hayatatoka. Mkulima wa mwani wa Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, ataelewa bahari: yanakupwa saa ngapi, ni bamvua au maji mafu. Sentensi haina kosa la sarufi, wala haina uongo. Ila haifai kitu, kwa sababu msomaji aliyeandikiwa hatageuka kuuliza, "Maji gani, bibi?" Atakisia, kisha ataendelea na kazi yake bila wasiwasi wowote.

Msomaji huyo ni wakala wa akili unde, yaani modeli ya lugha iliyopewa ruhusa ya kuita programu nyingine ili itende badala ya kuzungumza tu. Kwa kawaida haoneshwi msimbo ulio ndani ya zana. Anaoneshwa jina lake, maelezo ya mistari michache, na orodha ya vitu anavyotakiwa kuipa zana hiyo: tarehe, mahali, kiasi. Kwa hayo anaamua aite zana ipi, na lini. Tangu Novemba 2024, kampuni ya Anthropic ilipotoa kanuni za wazi za kuunganisha zana na modeli, ziitwazo Model Context Protocol, zana ya mtu mmoja inaweza kutumiwa na wakala wa mtu mwingine ambaye hawajuani kabisa. Mistari ile michache ndiyo utambulisho wao wote. Wengi huiandika mwisho, jioni, wakiwa wamechoka na msimbo. Mimi naihesabu kuwa ni uandishi, tena uandishi mgumu.

Turudi Paje. Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza hapo na Jambiani mwaka 1989, na mpaka leo ratiba yake imo mikononi mwa mwezi. Wakulima, wengi wao wanawake, hushuka shambani maji yanapokupwa, hasa siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari inaporudi nyuma sana na kuacha vigingi na kamba zionekane. Tuseme kijana mmoja ameunda zana ya kumsaidia mama yake kupanga siku hizo. Maelezo yake ningeyataka hivi:

"Hutoa makadirio ya saa na vimo vya maji kupwa na kujaa kwa siku moja, pwani ya Paje. Tarehe iandikwe mwaka-mwezi-siku, mfano 2025-03-14. Saa zote unazopokea ni za Afrika Mashariki kwa mtindo wa saa 24. Mtumiaji akitaja saa kwa Kiswahili, zibadilishe kwanza: saa nne asubuhi ni 10:00. Haielezi upepo wala mawimbi."

Hakuna neno la urembo hapo, lakini kila neno lina sababu. "Makadirio" linamwambia wakala kwamba hesabu hizi zimetokana na mwendo wa mwezi na jua. Hakuna aliyesimama ufukweni na kijiti cha kupimia. Mfano wa tarehe unaokoa aya nzima ya maelezo, maana 03/04 kwa Mmarekani ni Machi na kwetu ni Aprili.

Lakini sentensi ya saa ndiyo ningeilinda kuliko zote. Modeli nyingi zimelelewa zaidi na maandishi ya Kiingereza kuliko ya kwetu. Mama akiuliza, "Saa nne asubuhi maji yatakuwaje?", wakala asiyeonywa anaweza kutafuta 04:00, ambayo kwetu ni saa kumi alfajiri. Amekosea kwa saa sita. Na saa sita, na dakika chache juu yake, ndizo bahari inazohitaji kutoka kupwa hadi kujaa. Kwa hiyo kosa hili haliharibu jibu kidogo, linaligeuza: maji yaliyokupwa yanatangazwa yamejaa, na siku ya kazi inapotea. Zana yenyewe haikukosea hata dakika moja.

Sentensi ya mwisho, ile ya kutaja kisichomo, ndiyo adimu kuliko zote. Paje siku hizi imejaa vishada vya wanaoteleza juu ya maji kwa upepo wa kusi na kaskazi, na hao watauliza upepo. Wakala asiyeambiwa mpaka wa zana atakamua jibu kutoka kwenye ile iliyo karibu. Ken Thompson na Dennis Ritchie, waliounda mfumo wa kompyuta wa Unix, walilijua hili zamani: mwongozo wa kwanza wa mfumo huo, wa Novemba 3, 1971, uliweka ndani ya kurasa zake nafasi maalumu ya kutaja kasoro za kila programu. Fundi anaitoa kazi yake na papo hapo anasema inapovujia! Wauzaji wa programu wa leo wangependa nafasi hiyo wajaze "bora", "ya kisasa", "yenye nguvu". Sijui maneno hayo yamsaidie nani kuchagua baina ya upepo na maji.

Urefu nao una bei yake, kwani kwa kawaida maelezo ya zana hukaa mbele ya modeli muda wote wa mazungumzo na kula nafasi ya mambo mengine. Zana zikiwa kumi, porojo mara kumi.

Raha ya ufundi huu ni kwamba unapimika. Uliza kama watu wanavyouliza, "Kesho niteremke saa ngapi?", utazame wakala anaita nini. Badilisha neno moja, uliza tena. Mshairi hapati msomaji mwepesi hivyo. Na kuna swali ambalo halitibiki kwa maneno: "Bamvua lijalo lini?" Zana yetu inajibu siku moja moja, basi wakala ataiita siku baada ya siku, pengine wiki mbili nzima, akilinganisha vimo. Unaweza kuongeza sentensi ya kumwelekeza, kisha ya pili, kisha ya tatu ya kusahihisha ya pili. Maelezo yakianza kujikunja hivyo, mwandishi aweke kalamu chini amwendee aliyeunda programu, wakae waongeze zana nyingine inayopokea tarehe na kurudisha bamvua linalofuata. Maelezo yake yatatosha mstari mmoja.