Baraka za Patriaki: Utanzu wa Msomaji Mmoja

Wahakiki wetu wamezoea riwaya, tamthilia na ushairi, basi. Leo nataka kuhakiki karatasi moja au mbili ambazo hazikukusudiwa kuchapishwa kamwe, wala kusomwa na umati. Ni baraka za patriaki, zinazotolewa katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wale ambao watu wengi huwaita Wamormoni. Na sitazihakiki peke yangu. Nitawafuata wale waliopewa baraka hizo wakiwa vijana, baadaye wakalihama kanisa, na sasa wanazisoma upya na kuandika juu yake. Mwenzangu mmoja aliniuliza, "Sasa hayo ya Wamarekani yanatuhusu nini sisi waandishi chipukizi?" Yanatuhusu, ndugu yangu. Subiri kidogo.

Kwanza tuelewane mambo yenyewe yanavyokwenda. Kijana wa Kimormoni, mara nyingi angali sekondari, anahojiwa na askofu wake, anapewa kibali, kisha anakwenda kwa patriaki wa kigingi chao. (Kigingi kwao ni muungano wa makutaniko kadhaa, mfano wa dayosisi ndogo.) Patriaki si padri wa kulipwa, ni mzee wa kawaida, na pengine hajawahi kuonana na kijana huyo hata siku moja. Anamwekea mikono kichwani, anamwita kwa jina lake kamili, anaanza kusema. Maneno yanarekodiwa na kuandikwa. Nakala moja ni ya kijana, nyingine inahifadhiwa na kanisa. Kwa kawaida mtu hupewa baraka hii mara moja tu maishani. Ndani yake anatajiwa ukoo wake katika nyumba ya Israeli, mara nyingi Efraimu au Manase, kisha zinafuata nasaha na ahadi. Utaihubiri injili. Utafunga ndoa hekaluni. Utalea watoto. Utaamka asubuhi ya ufufuo wa kwanza. Mwisho anaambiwa: hii ni yako, ni takatifu, usiitembeze kwa watu, usiilinganishe na ya mwenzako.

Kielelezo chake ni Mwanzo sura ya 49, Yakobo kitandani akiwatabiria wanawe. Joseph Smith, aliyeanzisha kanisa hilo mwaka 1830, alimpa baba yake mzazi kazi ya patriaki wa kwanza, na cheo cha patriaki wa kanisa zima kikaendelea kurithiwa katika ukoo wa Smith mpaka mwaka 1979. Hapo aliyekuwa nacho, Eldred G. Smith, alistaafishwa na hakuna aliyewekwa badala yake. Alifariki mwaka 2013 akiwa na miaka 106. Walibaki mapatriaki wa vigingi.

Sasa tuje kwenye fani. Sisi tunao wosia. Mwana Kupona alimtungia binti yake utendi mwaka 1858, na kila aliyeusoma anakumbuka jinsi mama yule anavyoamrisha: fanya hivi, jihadhari na vile. Wosia unamwachia mwana nafasi ya kukaidi. Baraka ya patriaki inazungumza na nafsi ya pili kwa wakati ujao: uta-, uta-, uta-. Hebu fikiri wewe una miaka kumi na sita, na mtu usiyemjua anakusimulia riwaya ambayo mhusika mkuu ni wewe, na anayedaiwa kuitunga ni Mungu. Utafanyaje? Utaanza kuishi kumridhisha mtunzi. Utachagua chuo kwa kuangalia karatasi. Utamkubali mchumba kwa sababu karatasi inasema yupo. Hapo ndipo jambo hili linaponitisha. Mhusika wa riwaya hana maisha mengine nje ya kitabu, lakini kijana huyu anayo haya haya tu.

Maandishi mengi ya waliohama, niseme ukweli, yanaishia kwenye hesabu. Hili lilitimia, lile halikutimia. Mwanamke aliahidiwa mume na watoto, ana miaka hamsini na hajaolewa. Mwanamume aliahidiwa mke, ilhali tangu utotoni moyo wake uko kwa wanaume. Naelewa uchungu wao, na simcheki mtu. Lakini kama uhakiki, hesabu hii ni dhaifu, maana kanisa lina jibu lake tayari: ahadi zina sharti la uaminifu, na ambazo hazikutimia hapa zitatimia ng'ambo ya kaburi. Mechi ambayo mwamuzi wake hapulizi kipenga cha mwisho utaishindaje?

Wanaonifurahisha ni wale waliothubutu kufanya lile walilokatazwa: kulinganisha. Ndugu wawili wanaweka karatasi zao mezani, wanasoma sentensi kwa sentensi, wanakuta mistari ile ile. Mwaka 2007 H. Michael Marquardt alichapisha mkusanyo mkubwa wa baraka za miaka ya mwanzo ya kanisa. Baadhi yake ziliwaahidi watu kwamba watakuwa hai Yesu atakaporudi. Watu wale wako makaburini. Lakini kinachomgusa msomaji wa mkusanyo zaidi ya hayo ni marudio: fungu lile lile la maneno linazunguka kutoka kichwa hadi kichwa.

Wengi wakifika hapa wanapiga kelele: "Kumbe ni nakala tu!" Wanamtaja Bertram Forer, mwanasaikolojia wa Marekani, ambaye mwaka 1948 aliwapa wanafunzi 39 maelezo ya tabia zao. Wanafunzi wakayapa wastani wa alama 4.26 kati ya 5 kwa usahihi, wasijue kwamba wote walipewa maelezo yale yale, mengi yakiwa yametoka kwenye kitabu cha unajimu. Mfano mzuri. Ila mimi siendi nao mpaka mwisho. Jamani, tangu lini marudio yakawa kosa? Manju anayarudia, malenga anayarudia, mwenye kusoma dua harusini anayarudia, na bibi harusi analia vile vile. Tatizo liko kwenye dai kwamba maneno haya ni yako peke yako, pamoja na amri ya kuyasoma ukiwa umejifungia. Bila faragha ile karatasi inapungua uzito. Ndiyo maana nasema kulinganisha ni uhakiki halisi.

Nenda kwenye ukoo uone. Simon Southerton, mtaalamu wa jenetiki wa Australia aliyewahi kuwa askofu wa kanisa hilo, aliandika Losing a Lost Tribe (2004), akionyesha kwamba DNA ya wenyeji wa Amerika na ya watu wa visiwa vya Pasifiki haiwapeleki Israeli, inawapeleka Asia. Utangulizi wa Kitabu cha Mormoni ulikuwa ukisema Walamani ndio mababu wakuu wa wenyeji wa Amerika. Mabadiliko yaliyojulikana mwaka 2007 yakawafanya kuwa miongoni mwa mababu hao. Neno dogo, lakini kuna watu waliobeba ukoo ule maisha yao yote. Na kuna Jane Manning James, mwanamke Mweusi aliyezaliwa huru Connecticut. Mwaka 1844 Hyrum Smith alimbariki, na ukoo aliotajiwa ni wa Kanaani mwana wa Hamu. Jane hakuhama, alikufa muumini mwaka 1908, miaka 70 kabla kanisa halijawaruhusu wanaume Weusi wote kupewa ukuhani. Aliyehama anapoisoma karatasi ya Jane kando ya ya kwake iliyoandikwa Efraimu, anaona kilichokuwa kikigawiwa.

Mbona basi wengi hawaichomi? Wanaandika kwamba wamehama, wamevunja, wamecheka, na karatasi bado iko kwenye droo. Wapo wanaolaumu huo ni woga. Mimi nawapeleka kwa Fawn Brodie. Alizaliwa Utah, mpwa wa David O. McKay aliyekuja kuwa rais wa kanisa. Mwaka 1945 alichapisha wasifu wa Joseph Smith, No Man Knows My History, na mwaka uliofuata akatengwa. Miaka 35 hivi baadaye, akifa kwa kansa, kaka yake Thomas, muumini, alikuja kumwona. Fawn akamwomba ambariki. Hiyo si ya patriaki, ni ya kaka kwa dada, lakini mikono ni ile ile kichwani. Thomas alishangaa, maana walikuwa wametengana kwa muda mrefu. Siku chache baadaye mgonjwa yule alitoa andiko fupi: asitokee mtu wa kulitafsiri ombi lake kana kwamba aliomba kurudi kanisani. Alifariki Januari 1981.