Sala ya Kwihara

Katika Kanisa Kuu la Mkunazini, Unguja, umo msalaba uliotokana na mti wa kijiji cha Chitambo, ule ambao chini yake ulizikwa moyo wa David Livingstone mwaka 1873. Aghalabu anayeuona huijiwa na picha moja: mzee mgonjwa amekutwa kabla ya alfajiri amepiga magoti kando ya kitanda, kichwa ki viganjani, roho imekwisha kutoka. Picha hiyo ilienezwa na Last Journals, shajara zake za mwisho zilizohaririwa na Horace Waller na kutolewa London mwaka 1874, na tangu hapo kitabu kizima kimesomwa kama maandalio ya magoti yale. Usomaji huo unakipunja kitabu. Sala yake yenye uzito imo katika kurasa zilizotangulia, nayo iliandikwa Kwihara, nje kidogo ya Tabora.

Kwihara ilikuwa makao ya wafanyabiashara wa Unyanyembe, pale njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilipogawika, moja ikashika Ujiji, nyingine ikaelekea Karagwe. Livingstone alikaa hapo tangu Februari hadi Agosti 1872. Alikuwa mtu wa maradhi: homa, kuhara damu, na kutokwa damu kwa miaka. Mnamo Januari 1867 watu wawili wa msafara wake walitoroka na sanduku la dawa, na pigo hilo aliliona kama hukumu ya kifo. Stanley, aliyemkuta Ujiji mwaka 1871 akamletea dawa na chakula, alimsihi arudi kwao akajiuguze. Akakataa. Stanley aliondoka Kwihara tarehe 14 Machi. Siku tano baadaye, siku aliyotimiza miaka 59, Livingstone akaandika sala.

Ni sentensi chache tu. Anajiweka wakfu upya, kisha anaomba jambo moja: kabla ya mwaka kwisha, awe amemaliza kazi yake. Afya haitajwi. Msomaji wa pwani, aliyezoea dua ya mgonjwa ambamo shifa ndiyo inayotangulizwa, hana budi kulistaajabia pengo hili. Hata Waraka wa Yakobo unamwelekeza Mkristo aliye mgonjwa awaite wazee wa kanisa wamwombee na kumpaka mafuta. Kwihara hakuwapo mzee wa kanisa wa kuitwa. Anayeomba ndiye anayejiitikia amina. Nguvu ya maneno yale imo katika ukavu huo. Mwili unaombewa udumu kiasi cha safari, basi.

Humo pia imo kasoro yake. Mwili huo haukwenda peke yake. Mwezi wa Aprili 1873, katika maji na matope ya Bangweulu, ulilazwa juu ya machela ukachukuliwa mabegani mwa watu, na sala ya Kwihara haina hata neno moja kwa ajili ya mabega hayo. Na kazi yenyewe, kutafuta chemchemi za Nili, ilikuwa imepotea njia: mito aliyoifuata ni ya Kongo.

Siku ya kuzaliwa iliyofuata anashukuru kwa kuachwa hai, kisha anaingiwa na shaka kama atafanikiwa. Baada ya hapo maandishi yanazidi kufupika, na ya mwisho, ya tarehe 27 Aprili, yanahusu uchovu na mbuzi wa maziwa waliotumwa watu kuwanunua. Mshairi angelitambua jambo hili upesi kuliko mhariri: mbuzi wale wanasema mengi juu ya tamaa ya kupona kuliko ibada yoyote iliyobandikwa baadaye.

Maana usiku wa mwisho hauna maneno ya sala. Chuma na Susi ndio waliomsimulia Waller yaliyotokea, na katika simulizi hiyo mgonjwa anamwuliza Susi, kwa Kiswahili, zimebaki siku ngapi kufika Luapula. Susi anakisia tatu. Kisha anataka sanduku la dawa, anaichagua kalomeli kwa taabu kwa kuwa macho hayaoni vyema, anamruhusu Susi akalale. Kabla hakujapambazuka Majwara, kijana aliyelala mlangoni, anakwenda kumwita Susi. Mashahidi walitoa habari ya mkao. Waller ndiye aliyeujaza mkao huo maneno yake mazito. Mtu mwenye tumbo la namna ile, ambalo waliolipasua walikuta donge la damu, huenda aliinama kwa maumivu, huenda kwa kuomba, huenda kwa yote mawili. Dawa na magoti ni ya usiku mmoja, na mhariri hakupaswa kuyatenga.

Jacob Wainwright, aliyejiunga na msafara hapo Kwihara, ndiye aliyesoma ibada ya maziko chini ya mti na kuchonga jina kwenye gome. Mnamo Oktoba 1873 walifika tena Kwihara na maiti. Luteni Cameron alishauri izikwe papo hapo. Wakakataa, wakashika njia ya Bagamoyo, na katika mizigo yao ilikuwamo ile sala, ikiupita mji ilikoandikwa.