Njiti za kiberiti badala ya penseli

Mpe penseli bibi wa miaka 78 aliyekulia kando ya bani la tumbaku kule Namtumbo, umwombe achore uso wa saa. Ataitazama penseli, atakutazama wewe, na huenda akakurudishia bila kuchora kitu. Hapo umepima nini? Kumbukumbu hujaigusa. Umepima kama aliwahi kukaa dawatini.

Kosa hilo liliepukwa wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, na namna lilivyoepukwa ndiyo ninayoirudia kila nikisikia watu hapa Songea wakipanga kuwagawia wazee wenye dimensia rangi na karatasi, kwa kuwa sanaa ni tiba. Sanaa ni tiba, sawa. Ila karatasi ni chombo cha watu fulani.

Hai ilikuwa na takwimu kabla ya kuwa na tiba. Watafiti wa Tanzania na Uingereza waliwapima wazee 1,198 wa miaka 70 na zaidi katika vijiji sita, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yakaonyesha kuwa asilimia 6.4 walikuwa na dimensia, baada ya hesabu kusawazishwa kwa umri. Wengi wao hawakuwahi kuambiwa kuwa wanaugua. Kwa jamaa zao ulikuwa uzee tu. Katika mradi uliofuata, uliofanyika Hai na pia Nigeria, kikatengenezwa kipimo kifupi kisichohitaji kusoma wala kuandika. Mzee hutaja majina ya wanyama kadiri awezavyo, hukumbuka maneno aliyosomewa, na badala ya kunakili mchoro kwa penseli, hupanga njiti za kiberiti zifanane na mfano uliowekwa mbele yake. Kazi ya ubongo ni ileile: kuona umbo, kulishika akilini, kuliunda upya. Kilichoondolewa ni shule. Mkono ambao haujawahi kushika kalamu umewasha moto kwa kiberiti maisha yake yote.

Tiba yenyewe ilitoka Uingereza. Mwaka 2003 mtafiti Aimee Spector na wenzake walichapisha jaribio la watu 201, ambao baadhi yao walifanyiwa mazoezi ya kuchangamsha akili katika vikundi: vikao 14, viwili kila wiki kwa wiki saba, kila kimoja kama dakika 45. Kuna kikao cha sauti, cha chakula, cha utotoni, cha fedha, cha kupanga vitu kwa makundi, na kimoja cha ubunifu wa mikono. Kimoja kati ya 14! Anayetafuta tiba ya sanaa pekee hataiona humo. Sanaa imeingizwa kama mlango mmojawapo wa kuwafanya wazee wazungumze.

Walioileta Hai walikuta vikwazo ambavyo mwongozo wa tiba hiyo haukuvitarajia. Wazee wengi hawakusoma. Wengine hawaoni vizuri na hawana miwani, au hawasikii na hawana kifaa cha kusikilizia. Mahali pa kukutania palikuwa pa kutafutwa. Na kila kifaa kilipaswa kupatikana papo hapo, maana kitu kilichosafirishwa kutoka ng'ambo kikivunjika, kikao kimekufa.

Wazee 34 wenye dimensia ya kiwango cha chini na cha kati waliwekwa katika vikundi vinne. Vikundi havikuanza pamoja. Waliosubiri zamu walipimwa pia, wakawa kioo cha waliotangulia, na mwishowe hakuna aliyenyimwa tiba. Vikao vyote 14 vilikamilika ndani ya wiki saba, na mahudhurio yalifika asilimia 85. Uwezo wa akili ulipanda, wasiwasi na vurugu za tabia vilipungua sana. Ubora wa maisha uliongezeka, ila kidogo. Kwa kila wawili waliotibiwa, mmoja zaidi alipata nafuu ya alama nne kwenye kipimo cha akili. Watu 34 ni wachache, nami nisingejenga sera ya taifa juu yao. Lakini mahudhurio yale yananishangaza kuliko alama: mzee wa kijijini hatembei mara mbili kwa wiki kwenda mahali asipopapenda.

Sasa tuilete tiba hii Songea. Kikao cha kupanga vitu kwa makundi, huko kilikotoka, hufanywa kwa picha na kadi. Huku tuna watu waliotumia nusu ya umri wao kupanga madaraja ya tumbaku ya moshi, jani kwa jani, kwa rangi, kwa urefu, kwa unene unaosikika kati ya kidole gumba na cha shahada. Weka majani makavu mezani. Hata asiyeona vizuri atayapanga, kwa sababu ujuzi wa mkono hudumu kuliko kumbukumbu ya matukio; asiyejua leo alikula nini bado anaweza kujua jani lipi ni bovu. Ila usitegemee harufu peke yake, ingawa tumbaku ya moshi inanuka mpaka barabarani. Katika Alzheimer pua huwahi kuchoka.

Kikao cha ubunifu kiwe cha mianzi iliyochanwa, kusuka ungo, au udongo wa kufinyanga. Uliza nyumbani kwanza nani alikuwa anasuka nini. Mmatengo wa Mbinga anaweza kupendelea kukuonyesha kwa udongo jinsi mashimo ya kilimo yaitwayo ngolo yanavyochimbwa mlimani, na huo ni ufinyanzi kama ufinyanzi mwingine. Mwongoza kikao naye ajue zaidi ya Kiswahili, kwani dimensia ikizidi, wengi hurudi kwenye lugha ya mama, na Songea mjini meza moja inaweza kuwa na Mngoni, Mndendeule na Mmatengo.

Kanuni moja ya vikao hivi ni ya bei rahisi na ndiyo huvunjwa kwanza: uliza maoni, usiulize ukweli. "Bibi, ungo huu alikufundisha nani kuusuka?" ni mtihani, na akishindwa ataaibika mbele ya wenzake. "Bibi, kati ya hizi nyungo mbili, upi ungepepetea mahindi?" ni swali lisilo na jibu la kukosea. Atauchagua mmoja, atausifu, atamponda aliyesuka ule mwingine, na wenzake watadakia. Ubishi huo ndio kikao.

Hai iliongozwa na mtaalamu wa tiba kwa vitendo akisaidiana na muuguzi. Wataalamu hao hufundishwa Moshi na si wengi. Hapa kwetu mzigo utamwangukia muuguzi, na afundishwe hasa kanuni ile ya maoni kabla ya jambo lolote la mianzi.

Kuna wiki ya nane, ambayo haimo kwenye ratiba ya vikao 14. Uingereza ilijaribu kuendeleza kwa kikao kimoja kwa wiki, wiki 24 zaidi. Songea, msimu wa kupanda mahindi ukifika, sioni nani atakayemleta mzee kila wiki. Basi ungo ulioishia katikati wiki ya saba aende nao nyumbani, na mianzi yake iliyobaki, na mjukuu mmoja aliyekwisha kuambiwa asimuulize kama anakumbuka.