Kimai Bila Bahari: Mtumbwi, Bluzi na Bendi Nyanda za Juu Kusini

Uhakiki wetu wa nyimbo umezoea maswali mawili. Tunauliza wimbo unasema nini, kisha unasemaje. Tukishajibu, tunapiga mstari chini ya "maudhui" na "fani" na kukabidhi kazi kwa mhadhiri. Katika makala haya nataka kuongeza swali la tatu: wimbo unapoimbwa majini, nani ameshika kafi, na safari hiyo ni ya nani?

Swali lenyewe nimelipata katika mwaka mmoja wa kuzurura. Ninasoma Iringa, kwetu ni Mbeya, na kila nilipopata nauli nilikwenda ama kwenye maji ama kwenye muziki: mitumbwi ya Matema katika Ziwa Nyasa, boti za wavuvi wa Bwawa la Mtera, na bendi za laivu katika baa za Iringa mjini na kule Mwanjelwa. Wenzangu bwenini walisema nimekuwa mtu wa starehe. Sawa, ni starehe. Lakini kwani starehe haihakikiki?

Tuanzie darasani. Mwaka 1989, katika jarida la Mulika namba 21, M. M. Mulokozi alitoa mgawanyo wa tanzu za fasihi simulizi ambao mpaka leo ndio tunaoukariri kabla ya mtihani. Humo nyimbo za wakulima zinaitwa wawe, na nyimbo za shughuli za baharini zinaitwa kimai. Mgawanyo huo umetufaa sana na sina nia ya kuubomoa. Ila mtu wa Kyela akiusoma lazima ajiulize: sisi wa ziwani tuko wapi? Bahari hatuna. Tuna ziwa lenye mawimbi ya kuzamisha mtu kweli kweli, tuna meli zilizobeba majina ya mikoa yetu, MV Iringa ya zamani na MV Mbeya II iliyoanza kazi mwaka 2021, na tuna mitumbwi isiyo na idadi. Basi nilikwenda Matema nikiwa na daftari, nitafute kimai cha maji baridi.

Chini ya Milima ya Livingstone, hatua chache kutoka Matema, ipo Lyulilo, ambako Jumamosi kuna soko la vyungu. Vyungu hivyo hufinyangwa na wanawake wa Kikisi wa Ikombe, na huja kwa mitumbwi kwa sababu mlima umeshuka mpaka majini na njia ya miguu ni ya taabu. Mtumbwi uliojaa vyungu unatisha kuutazama: maji yamebakiza vidole vichache kufika ukingoni, na vyungu vimepangwa kwa majani makavu visigongane. Nimeona mitumbwi hiyo ikiingia, na nimesikia wapiga kafi wakiimba kwa kupokezana, mmoja akianzisha na wengine wakimalizia pale kafi linapoingia majini. Ule wimbo si pambo. Ukiutoa, makafi yanapishana, mtumbwi unayumba, na kazi ya wiki nzima ya mama wa watu inakwenda chini.

Kesho yake nilimkodi mzee mmoja wa pale pale anizungushe kwa starehe. Shikamoo, marahaba, tukaondoka. Saa nzima hakuimba hata neno. Nikamwomba: "Mzee, naomba uniimbie ule wa jana wa vyungu." Akacheka, akasema, "Mwanangu, jana tulikuwa na mzigo. Leo nimekubeba wewe." Nilipozidi kumbembeleza akaniimbia pambio la kanisani, zuri tu, lakini kafi lake likaenda njia yake na pambio likaenda njia yake. Nikamwambia ndaga fijo, nikamlipa, nikaandika katika daftari: ziwa lile lile, mtumbwi ule ule, mwimbaji yule yule, wimbo hakuna.

Hapo ndipo nilipoanza kuufikiria muziki wa bluzi wa Wamarekani Weusi. Siku hizi kila anayepiga gitaa kwa huzuni huku kwetu anaambiwa anapiga bluzi, na wapo wanaodai kwamba bluzi ni yetu, iliondoka na watumwa, sasa imerudi nyumbani. Kihistoria dai hilo, kwa upande wetu wa bara, halisimami vizuri. Gerhard Kubik, Mwaustria aliyefanya utafiti wa muziki kwa miaka mingi hapa Tanzania na kwa jirani zetu wa Malawi, alitoa kitabu chake Africa and the Blues mwaka 1999, na humo chimbuko kubwa la bluzi analiweka katika ukanda wa savana wa Afrika Magharibi, si Nyasa wala Ruaha. Ni Kubik huyo huyo aliyeonyesha kwamba muziki wa Wagogo umejengwa juu ya mfululizo wa sauti za asili, ikiwemo ile ya saba ambayo piano haina. Sikio lililozoea bluzi likisikia ilimba au zeze la Kigogo, linashtuka, linadhani limekutana na ndugu. Undugu huo ni wa sikio. Wa damu ni habari nyingine.

Mimi nadhani undugu wa maana zaidi uko kwenye boti. Mwaka 1876 Lafcadio Hearn aliandika habari za wapagazi Weusi wa gati la Cincinnati, katika Mto Ohio, na nyimbo walizoimba wakipakia na kupakua meli za mvuke. Bluzi ilikuwa bado haijapewa jina; rekodi ya kwanza ya bluzi iliyoimbwa na mwanamke Mweusi, Mamie Smith, ilitoka mwaka 1920. Sasa angalia kilichotokea katikati. Kampuni ya Streckfus ya St. Louis ikazigeuza meli za mtoni kuwa za matembezi ya starehe, na juu yake ikaweka bendi ya Weusi iliyoongozwa na Fate Marable. Louis Armstrong alipiga tarumbeta humo kuanzia 1919 hadi 1921. Abiria walikuwa Wazungu, huko St. Louis watu Weusi walitengewa usiku wa Jumatatu. Chini kulikuwa na wimbo wa mzigo, juu kukawa na muziki wa abiria, na mpigaji wa juu angeweza kuwa mtoto wa mpagazi wa chini.

Kwetu Iringa muziki wa laivu nao ulikuwa na mwenye meli. Tancut Almasi Orchestra, bendi iliyotikisa nchi katika miaka ya 1980, ilikuwa mali ya kiwanda cha kuchonga almasi cha pale mjini. Mapacha Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa, waliotoka Kongo, waliimba humo; John Kitime alipiga gitaa humo. Ulikuwa ndio utaratibu wa wakati ule: Polisi, Magereza, jeshi, jumuiya za chama, mashirika, kila mmoja na bendi yake, vyombo vya mwajiri na mshahara wa mwajiri. Nyingi zilijiita Jazz bila kupiga jazi ya Marekani, na sioni aibu katika hilo. Wahakiki wengine wanasema mfumo ule uliwafunga wasanii midomo. Upo ukweli. Lakini pia ulimpa mpiga gitaa uhakika wa kula mwisho wa mwezi, na ndiyo maana nyimbo za dansi za wakati ule zina subira: beti za hadithi kwanza, chemko baadaye, hakuna anayekimbizwa.

Bendi nilizozisikiliza mwaka huu hazina subira hiyo. Katika baa moja ya Iringa nilihesabu watu kumi na mmoja, sita kati yao wakitazama mpira. Bendi ilipiga nyimbo za zamani za watu wengine kwa saa tatu, vizuri mno kwa kweli, na mpiga solo ana vidole vya kuogopwa. Kati ya wimbo na wimbo hakuna aliyepiga makofi. Nikamkumbuka mzee wangu wa Matema. Hawa nao wamekodiwa wanizungushe. Kafi linakwenda njia yake na wimbo njia yake.

Ningeishia hapo, makala haya yangekuwa mepesi sana: kazi huzaa wimbo, starehe huua wimbo. Mtera ndiyo iliyonikatalia.

Bwawa hilo, mpakani mwa Iringa na Dodoma, lilijengwa katika nusu ya pili ya miaka ya 1970 ili kuhifadhi maji ya Ruaha Mkuu kwa ajili ya mitambo ya Kidatu. Mitambo ya Mtera yenyewe, megawati 80, ilianza 1988. (Kwa hiyo gitaa la umeme la Tancut na bwawa hili ni watoto wa mpango mmoja wa maendeleo, jambo la kumfikirisha mhakiki.) Miti iliyokufa bado imesimama majini. Wavuvi hutoka jioni na kurudi alfajiri, na kinyume na nilivyotarajia, kazini hawaimbi. Usiku ni wa baridi, viboko wapo, mamba wapo, na mtu anasikiliza maji.

Jumapili alasiri wavuvi hao hao walitoka bila nyavu. Walishindana, boti kwa boti, karibu na ukingo, hakuna zawadi wala mgeni rasmi. Wakaimba mpaka sauti zikakauka: nyimbo za Kigogo, nyimbo za Kihehe, moja ya dansi waliyoigeuza maneno ili kumkejeli tajiri mwenye boti. Mimi sikuwa abiria wa mtu yeyote, nilikaa juu ya jiwe. Hapo hapakuwa na mzigo, palikuwa na starehe tupu, na bado wimbo na kafi vilishikana kuliko hata Lyulilo.

Mhadhiri mmoja niliyemsimulia alinipinga: eti utanzu haubadiliki kwa sababu ya nani kalipa nauli. Mulokozi mwenyewe lakini anatufundisha kwamba fasihi simulizi ni tukio, lenye fanani, hadhira, mahali na wakati. Mzee wa Matema alikuwa na vyote hivyo siku aliyonibeba. Kilichokosekana ni safari iliyo yake: Jumamosi alikuwa na fungu lake katika vyungu, na wavuvi wa Mtera Jumapili walikuwa wamejiazimia boti za tajiri bila kumwambia. Bendi ya baa ile haina kitu kinacholingana na hicho, ingawa usiku mmoja, umeme ulipokatika, walishika ngoma na tumba wakapiga gizani kwa ajili yao wenyewe, na wale wa mpira wakageuza viti.

Muhula ujao tutatumwa tena kukusanya nyimbo, na fomu ya idara tunaijua: jina la wimbo, kabila, utanzu, mahali, tarehe. Mimi nimeshachora safu ya sita katika nakala yangu, nimeiandika "safari ya nani". Nitaanzia Ikombe, kwa wale mama wenye vyungu, kabla mitumbwi haijapakiwa.