Hadibodi, Rangi ya Mafuta na Jina la Taifa

Wako wanaomwita Edward Saidi Tingatinga baba wa uchoraji wa Tanzania, na wako wanaomwona fundi wa picha za watalii. Pande zote mbili hubishana bila kuuliza picha zake zilitengenezwaje.

Mzaliwa huyu wa Tunduru alianza kuchora Dar es Salaam mnamo 1968, bila turubai. Alitumia hadibodi. Shiti la futi 4 kwa 8 hutoa vipande 8 vya futi 2 kwa 2 bila kubakiza kitu, na picha zake nyingi ni za mraba wa karibu kipimo hicho. Rangi ilikuwa ya mafuta, ya kopo, ile ya kupakia baiskeli. Inang'aa, lakini haikauki upesi, nayo ndiyo iliyompangia kazi: kwanza usuli wa rangi moja au mbili, ukikauka, mnyama mmoja anayejaza ubao, mwisho madoa, jicho na kucha. Mtazame chui wake kwa karibu: kila doa limekaa juu ya ngozi, halikuchanganyika nayo, na pembeni pameachwa wazi ili mnyama apumue.

Utaratibu huo unafundishika. Polisi walipompiga risasi na kumuua mwaka 1972 wakimdhania mhalifu, wanafunzi wake, akina Simon Mpata na January Linda, waliuendeleza. Walioiga baadaye walijaza kila pembe ndege, twiga na Kilimanjaro. Lawama za msongamano huo akatwishwa marehemu, na naona ameonewa.

Ila kwetu Kiloleli, mkoani Simiyu, sifa anayopewa ya kuanzisha sanaa ya taifa inanisumbua. Usukumani walikuwapo wachoraji kabla yake: wanachama wa vyama vya wacheza nyoka, waliochora watu na nyoka kwenye kuta za nyumba zao za mafunzo. Mtafiti Hans Cory alichapisha kitabu kuhusu michoro hiyo mwaka 1953. Mkono ulikuwa thabiti, na maana ilijulikana kwa aliyefundwa. Lakini ukuta wa udongo haubebeki hadi dukani Oysterbay, Dar es Salaam, na mvua ikiubomoa, picha imekwenda.

Tingatinga ni mchoraji mkubwa, nalisema bila kusita. Ninachokataa ni kuhesabu kuwa ya taifa sanaa ile tu inayoingia kwenye sanduku la mgeni. Mwanafunzi wa sanaa wa Simiyu aoneshwe chui wa Tunduru na nyoka wa ukutani katika somo moja, kisha apewe udongo, masizi na kopo la rangi ajaribu vyote.